Chuoni Hatuendi Kufungua Duka

Najua gazeti hili la chama chetu likitoka wengi wenu hukimbilia ukurasa wa vitendawili kwanza, kisha mashairi, kisha mnatafuta kama majina yenu yameandikwa mahali. Si vibaya. Lakini leo nawaomba mtue kidogo hapa kwenye ukurasa wa maoni, manake jambo nililo nalo linawagusa wa kidato cha nne mwaka huu, wa kidato cha tatu mwakani, na hata wadogo wetu wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026 na mtaala wao mpya. Walimu nao wasome, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa na wazazi.

Jambo lenyewe ni mzigo wa kwenda chuo. Sisemi masomo. Nasema mzigo wenyewe: sanduku, godoro, ndoo na mabeseni. Mwanafunzi wa Kamere akishapata nafasi katika chuo kikuu au chuo cha ufundi, abebe nini siku ya kwanza ya kuingia bweni? Maoni yangu ni kwamba tunabeba vingi mno, tunavipanga kinyume, na tunatumia kwa sanduku pesa ambazo zilitakiwa kuwa chakula. Nitaeleza kinagaubaga, nawe utapima mwenyewe.

Kwanza tutazame jinsi mambo yanavyokwenda hapa kwetu. Mtoto akiitwa chuo, habari hutembea ploti nzima kabla ya jua kutua. Wamama wa chama wanakutana. Harambee inaitishwa. Baba aliye kwenye nyumba za kioo za maua anaomba zamu za ziada, hasa ule msimu wa kabla ya tarehe 14 Februari ambapo waridi za Naivasha husafirishwa usiku na mchana kwenda Ulaya. Pesa zinapatikana kwa jasho. Kisha inaandikwa orodha, na hapo ndipo balaa huanza. Orodha hiyo aghalabu haitoki chuoni. Inatoka kwa shangazi aliyemsindikiza mtoto wa bosi wake, kwa muuza duka mjini Naivasha anayetaka mali yake itoke, na kwa kijana wa jirani aliyesikia ati chuoni watu wana zulia. Orodha inakuwa ndefu kama barabara ya Moi South Lake, na kila mtu anaongeza chake. Sanduku la bati jipya. Pazia. Zulia dogo. Redio ya spika mbili. Sufuria seti nzima. Sahani sita, ilhali anayekwenda ni mmoja!

Namjua kijana mmoja wa ploti ya karibu na kwetu, simtaji jina, aliyeondoka hivyo. Mzigo wake ulilipiwa viti viwili vya matatu. Alipofika alikuta chumba cha watu wanne chenye kabati moja jembamba la kila mtu. Sanduku likakosa pa kukaa, likawekwa ujiani. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anawapigia simu nyumbani kuomba pesa ya chakula. Zulia analo, redio anayo, unga hana. Mama yake alikuwa amekopa kwenye chama, na deni lile lililipwa hadi mwisho wa mwaka. Jamani, hapo tumemsaidia mtoto au tumemsumbua?

Msomaji atauliza, kwani zamani ilikuwaje? Swali zuri. Wazee waliosoma Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970 na 1980 husimulia kwamba serikali iliwalisha, ikawalaza, na juu yake ikawapa posho waliyoiita "boom". Mtu aliingia chuo na begi moja la nguo. Kati ya 1984 na mwisho wa muongo ule, wengi wao walipitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, na huko walipewa sare na blanketi. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipoanzisha sera ya kuchangia gharama. Posho ikaondolewa na chakula kikawa cha kulipia kila sahani. Tangu hapo mwanafunzi akaanza kujipikia chumbani, na mwenye kujipikia anahitaji sufuria, sahani, kisu na mwiko. Mwaka 1995 ikaundwa HELB, bodi ya kutoa mikopo, na tangu 2023 mwanafunzi anaomba mwenyewe mkopo na ufadhili kulingana na hali ya kwao. Kwa hiyo mzigo haukuongezeka kwa sababu vijana wa leo wanapenda anasa. Uliongezeka kwa sababu mambo yaliyokuwa ya chuo yamekuwa ya mwanafunzi. Hilo nakubali kabisa. Ndiyo sababu nasema tuchague kwa akili: kama mzigo wa mwanafunzi ni halisi, basi hakuna nafasi ya vitu vya kujionyesha.

Sasa, mimi ningepangaje? Ningeanza na kitu ambacho hakuna anayekitia kwenye hotuba ya harambee, nacho ni karatasi. Kuna barua ya kujiunga na chuo, hati ya matokeo ya KCSE, cheti cha kumaliza shule, kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, fomu ya daktari iliyojazwa na kupigwa muhuri, na risiti ya benki ya karo. Hivi vyote vinaingia kwenye bahasha moja ngumu ya plastiki, na bahasha haikai sandukuni, inakaa mkononi. Nakala zake, tatu tatu, zinakaa kwingine. Mtu aliyesahau ndoo atanunua ndoo langoni. Aliyesahau fomu ya daktari au cheti atarudishwa nyuma ya foleni, au nyumbani kabisa, na nauli ya Njoro au Eldoret si ya kuchezea.

Sisi wa Kamere tuna sababu ya pekee ya kulitilia mkazo jambo hili. Wazazi wengi hapa walitoka mbali: Siaya, Kakamega, Kisii, Machakos, Nyandarua. Watoto wengine walizaliwa huko, wengine huku, na vyeti vya kuzaliwa vimebaki kwa nyanya au havikutolewa kamwe. Maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda mwaka 2020 yakaingia makazi ya Kihoto, tuliona watu wanavyohama upesi na vitu vinavyopotea. Bila cheti cha kuzaliwa kupata kitambulisho ni taabu, na bila kitambulisho ombi la mkopo linakwama. Kazi hiyo haifanywi wiki ya mwisho. Inaanza kidato cha tatu. Wewe uliye kidato cha tatu unayesoma hapa, ukifika nyumbani leo muulize mama: cheti changu kiko wapi? Usikubali jibu la "kiko tu".

Pili ni kitanda. Vyuo vingi vyenye mabweni hutoa kitanda na godoro, vingine havitoi godoro. Barua ya kujiunga husema. Kabla ya kununua chochote, someni barua hiyo kwa sauti nyumbani, mstari kwa mstari, na asiyejua Kiingereza atafsiriwe. Ajabu ni kwamba watu hununua godoro kabla ya kusoma barua! Baada ya godoro, uliza hewa ya mahali. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita na nusu. Ziwa letu liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na sote twajua asubuhi za Julai zilivyo. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu na kuwa chuo kikuu mwaka 1987, kiko Njoro, zaidi ya mita 2,200. Kwa hiyo huko ni baridi kuliko hapa kwa nyuzi mbili hivi, tena usiku. Aendaye Njoro au Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses abebe blanketi zito, sweta ya pili na soksi. Aendaye Maseno, Kakamega, Kilifi au Mombasa aliache lile blanketi zito nyumbani na abebe chandarua, maana huko mbu wa malaria si hadithi. Mzigo mmoja hauwezi kufaa vyuo vyote, lakini orodha ya shangazi haina hewa ya mahali.

Na kwa kuwa tumo kitandani, niseme neno kuhusu kunguni. Mabweni ya wanafunzi wengi yana sifa hiyo, na si aibu ya mtu mmoja. Mdudu huyu hujificha kwenye nyufa za mbao na mishono ya godoro. Kwa hivyo usinunue godoro kuukuu usilojua lilikotoka, hata kama bei inavutia. Beba shuka mbili zinazoweza kufuliwa kwa maji ya moto sana, na ukifika, kagua kitanda mchana kabla hujatandika. Hii ni busara ya dakika tano.

Tatu ni usafi. Ndoo moja yenye kifuniko inatosha, kwa sababu mifereji hukauka na ndoo yenye kifuniko huhifadhi maji safi. Beseni moja, sabuni ya mche, mswaki, taulo, malapa ya bafuni. Kwa wasichana wenzangu nina neno maalumu. Sheria ya mwaka 2017 iliitaka serikali itoe sodo bure kwa wasichana wa shule za umma. Sheria hiyo ni ya elimu ya msingi na ya sekondari, chuo hakimo. Nimesikia wasichana wakidhani msaada huo utaendelea. Basi sodo za muhula mzima ziingie kwenye hesabu kabla ya pazia, na akina baba wanaoshika pesa za harambee wasione haya kulisikia jambo hili. Ni mzigo wa lazima kuliko redio.

Nne ni chakula na vyombo. Sufuria moja ya wastani, sahani, kikombe, kijiko, kisu, mwiko. Basi. Unga, mchele na maharagwe ya wiki mbili kutoka soko letu, kwa sababu pesa za mkopo hazimngoji mtu langoni siku ya kwanza. Samaki mkavu wa ziwani ukiwa na njia ya kumhifadhi. Lakini usibebe gunia. Panya wa bweni hawachagui kabila.

Tano ni vitu vya masomo: kamusi, vitabu vya zoezi, kikokotoo ulichotumia kwa KCSE, kalamu, simu inayofanya kazi na chaja yake. Kompyuta ni nzuri ikipatikana, lakini mzazi asiuze ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya kompyuta ya mwezi wa kwanza. Kajue kwanza kozi yako inataka mashine ya aina gani na maktaba ya chuo ina ngapi.

Sita, na hili ndilo kubwa: pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mzazi aliye Kamere anaweza kumtumia mtoto shilingi mia mbili akiwa kwenye mstari wa basi la kampuni. Tena kila chuo nikijuacho kina soko langoni, na wauzaji wa mitumba na mabeseni hujipanga huko wiki ya kufungua. Basi haraka ya nini? Vitu vingi vinaweza kununuliwa mwezi wa pili, baada ya mwanafunzi kujua chumba chake kilivyo na wenzake walivyo navyo. Watu wanne chumbani hawahitaji pasi nne za umeme. Ningeshauri hivi: pesa za mzigo zigawanywe mara mbili, nusu inunue vya lazima, na nusu ibaki mkononi mwa mzazi iwe ya kutumwa kidogo kidogo.

Sasa nije kwenye vitu vya kuacha nyumbani. Vingine ni vya upuuzi tu, kama zulia. Vingine ni vya hatari, na hapa sitanii. Nasema koili ya umeme na jiko la makaa.

Wanafunzi wa fizikia mnisaidie. Soketi yetu ya Kenya ni ya volti 240 na ampea 13. Zidisha, unapata wati 3,120. Hicho ndicho kikomo. Koili moja kubwa au birika la umeme linaweza kula wati 2,000. Ukichomeka birika na koili kwenye waya mmoja wa kuunganishia, zinakuwa wati 4,000. Waya unapata joto, plastiki inalainika, na juu ya waya kuna blanketi la mtu. Ndiyo maana vyuo vingi hukataza koili vyumbani, si kwa ubahili wa umeme peke yake. Jiko la makaa nalo ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Humuua mtu usingizini bila moto kuonekana. Nasi watu wa baridi ya Naivasha tuna mazoea ya kuingiza jiko chumbani usiku. Mazoea hayo yasiende chuoni, na hata hapa nyumbani yaachwe.

Kisha lile sanduku ujiani. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, njia ya kupita bwenini isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Mambo haya hayakuandikwa kwa kupenda kuandika. Machi 2001 wavulana 67 walikufa motoni katika shule ya Kyanguli, Machakos. Moto ule uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 tulipoteza watoto 21 wa Hillside Endarasha kule Nyeri. Mimi si mtaalamu wa moto. Ila najua kwamba chumba kikijaa moshi, mtu anakimbia akipapasa, na anachokipapasa kisiwe sanduku letu la bati. Kuacha njia wazi ni sehemu ya kufunga mzigo. Mzigo usiotoshea chini ya kitanda au ndani ya kabati ni mkubwa mno, hata kama umepewa bure.

Najua yatakayosemwa. Mama mmoja niliyemweleza maoni haya aliniambia, "Mwanangu, wewe hujui aibu ya mtoto kukosa mbele ya wenzake. Sisi tulikosa, hawa wasikose." Maneno hayo yalinigusa, na siyapuuzi. Umaskini unaonekana haraka bwenini. Mtu anayeazima sabuni kila siku hupata jina baya. Lakini tazameni vizuri: aibu hiyo huletwa na kukosa sabuni, haiji kwa kukosa pazia. Aliye na shuka safi, chakula chake na nauli ya kurudi nyumbani hana la kuonea aibu. Anayeaibika ni yule mwenye sanduku linalong'aa anayebisha mlango wa jirani saa mbili usiku akitafuta unga.

Wengine watasema harambee hutoa vitu na huwezi kumchagulia mtoaji. Ni kweli mkono mtupu haulambwi, na mtu akileta zulia kwa mapenzi utamwambiaje? Mimi nasema tumwambie mapema, kwa adabu, kwamba mtoto ana orodha na sehemu kubwa ya orodha ni chakula na nauli. Watu wetu wanaelewa. Mwaka 1959, wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki walipopanda ndege moja kwenda Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, nyumbani kwao jamaa na vijiji vilichanga pesa kuwasaidia. Desturi yetu ya kuchanga ni ya zamani na ni nzuri. Tunachohitaji ni kuielekeza mahali panapouma.

Na hapa Kamere tuna somo ambalo hatuhitaji kwenda kulitafuta kwa mtu. Waulizeni wazazi wenu walikuja hapa na nini. Walishuka kwenye basi na begi moja, wengine na mfuko wa plastiki, wakaulizia kazi ya maua au ya kuvua samaki, wakapangishiwa chumba kimoja cha mabati. Sahani ya kwanza waliazima. Godoro lilikuja baada ya mshahara wa kwanza, kitanda baada ya wa tatu, meza baada ya mwaka. Maisha waliyajenga kipande kwa kipande, kila kipande wakijua kwa nini wanakinunua. Watu hao hao leo wanamtaka mtoto aanze chuo na nyumba kamili! Wao ndio walimu wetu katika jambo hili, na tuwakumbushe kwa heshima kwamba njia yao ilifaa.

Sitaki kulalamika tu bila kupendekeza, kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa shule yetu na chama chetu.

Mosi, chama cha Kiswahili kiwaandikie wanafunzi waliotoka hapa ambao sasa wako vyuoni, kila mwaka, kikiwauliza maswali mawili: ulibeba nini ambacho hukukitumia, na ulikosa nini? Majibu yabandikwe ubaoni na yasomwe siku ya wazazi kwa Kiswahili, ili kila mzazi asikie. Orodha ya namna hiyo itashinda ya muuza duka.

Pili, tuwe na ghala dogo la kukopeshana. Sanduku la bati likitunzwa hudumu miaka mingi, vivyo hivyo ndoo nzuri na kikokotoo. Mtu akimaliza chuo au akipata kazi, arudishe kwa shule apewe mwingine. Mwalimu mmoja ashike daftari, wanafunzi wawili washike ufunguo. Bilauri na sahani sisemi, ila vitu vya kudumu havina sababu ya kununuliwa vipya kila mwaka na kila nyumba.

Tatu, na hili nawaomba walimu wetu wapendwa, siku moja ya muhula wa pili itengwe kwa karatasi. Kila wa kidato cha tatu alete nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Asiye nacho aandikwe jina, na mzazi wake aelezwe aanzie wapi. Tukifanya hivyo miaka miwili kabla ya chuo, hakuna atakayelia langoni. Wadogo wetu wa Gredi ya 10 nao waanze mapema, kwani KCSE ya mwisho itafanywa 2027 na baada yake ni wao watakaopanga foleni.

Ndugu zangu, sisi wa kidato cha nne tumebakiza miezi michache. Wengine wetu tutaitwa vyuo vikuu, wengine vyuo vya ufundi pale Nakuru au hapa Naivasha, wengine tutasubiri kidogo, na hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Siku ikifika, wazazi watataka kutuonyesha mapenzi kwa vitu. Tusiwavunje moyo. Tukae nao chini na barua mkononi, tuwaambie kwa upole: Baba, Mama, hiki tununue leo, hiki kingoje, hiki tusikinunue kabisa, na pesa hii ikae kwako unitumie nikipungukiwa. Mazungumzo hayo ya saa moja yanaweza kumwokoa mama deni la mwaka mzima.

Haba na haba hujaza kibaba, nasi kibaba chetu hakijai siku ya kwanza. Mwenye maoni tofauti aandike katika toleo la mwakani, nami nikiwa popote nitalitafuta nisome. Wenye mtihani, Mola awafungulie. Alamsiki.